Vishimo Viwili kwenye Mdomo wa Chini

Mwaka 1845 mpasuaji wa Paris, Jean-Nicolas Demarquay, aliandika kuhusu watu waliozaliwa na mdomo sungura. Katika maandishi yake alitaja jambo ambalo wenzake wengi hawakulipa uzito: baadhi ya watu hao walikuwa na vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vishimo hivyo havina madhara makubwa. Wakati mwingine hutoa unyevunyevu, kwa sababu huungana na tezi ndogo za mate zilizo ndani ya mdomo. Mtu anaweza kuzeeka navyo bila kumwona daktari hata siku moja.

Ndiyo maana vilisahaulika. Mtoto anapozaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, au kaakaa lililo wazi hadi puani, hakuna mwenye nafasi ya kutazama mdomo wa chini. Mkunga anatazama mpasuko. Mama anatazama mpasuko. Majirani waliokuja kutoa hongera wanatazama mpasuko, kisha wanainamisha macho. Na baba, akiwa na moyo mdogo, anamgeukia mama.

Mama huyo amelaumiwa karibu kila mahali. Ulaya ilisemwa kwa karne nyingi kwamba alikutana na sungura akiwa mjamzito, na jina la sungura likabaki kwenye ugonjwa katika lugha nyingi, yetu ikiwemo. Waazteki wa Mexico waliamini kwamba mjamzito akitazama mwezi ukiliwa, yaani kupatwa, mdomo wa mtoto nao utaliwa. Kwetu hutajwa laana, hutajwa uchawi. Historia ninayotaka kuisimulia ndiyo iliyomwondolea mama huyo mzigo, na ilianzia kwenye vile vishimo ambavyo hakuna aliyevitazama.

Madaktari walijua kushona muda mrefu kabla hawajajua sababu. Vitabu vya historia vya Uchina vinamtaja kijana wa enzi ya Jin, karibu mwaka 390, aitwaye Wei Yongzhi. Alikuwa na miaka 18, maskini, na mdomo wake ulikuwa na mpasuko. Alisafiri mbali kwenda kwa gavana aliyekuwa na tabibu hodari. Tabibu akamwambia kwamba kazi inawezekana, lakini kwa siku 100 asile kingine ila uji, wala asicheke wala asiseme. Kijana akajibu kwamba hata angeamriwa kunyamaza nusu ya umri wake angekubali. Akakatwa, akashonwa, akapona, na baadaye naye akawa gavana.

Kaakaa lilichelewa zaidi. Liko ndani, halionekani vizuri, na kabla ya dawa ya usingizi mgonjwa alilazimika kukaa macho, mdomo wazi, huku sindano ikipita nyuma ya ulimi wake. Mnamo 1819, mwanafunzi wa udaktari kutoka Montreal aitwaye John Stephenson alikuwa Paris. Alizaliwa na kaakaa laini lililopasuka, na sauti yake ilipita puani kiasi kwamba watu walipata shida kumwelewa. Mpasuaji Philibert Roux alipomsikia akazungumza naye, akaomba kumtazama, akamshona. Mwaka uliofuata Stephenson aliandika tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha Edinburgh, na mada aliyoichagua ilikuwa kaakaa lake mwenyewe. Akarudi Kanada, na mwaka 1823 akawa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya Montreal iliyogeuka kuwa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha McGill. Nampenda mtu huyu. Alipata sauti, na alichofanya nayo ni kufundisha.

Lakini Roux hangeweza kumweleza Stephenson kwa nini alizaliwa hivyo. Hakuna aliyejua.

Hatua kubwa ya kwanza ilipigwa Copenhagen. Mpasuaji wa Denmark, Poul Fogh-Andersen, alikusanya habari za mamia ya wagonjwa na za jamaa zao, na mwaka 1942, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, akatoa tasnifu ambayo bado inatajwa. Aligundua kwamba kitu ambacho watu walikiona kimoja kilikuwa viwili. Kuna mpasuko wa mdomo, ambao unaweza kuendelea hadi kwenye kaakaa. Na kuna mpasuko wa kaakaa peke yake, mdomo ukiwa mzima. Familia yenye aina ya kwanza huendelea kuzaa aina ya kwanza. Familia yenye aina ya pili huendelea na ya pili. Hazichanganyiki ndani ya ukoo mmoja.

Kanuni hiyo ina sababu yake ndani ya tumbo la mama. Uso wa binadamu haukui kama embe, kutoka kitu kimoja kidogo hadi kikubwa. Unajengwa kwa vipande vinavyokua kila kimoja upande wake, kisha vinakutana na kushikana. Mdomo wa juu hukamilika kabla ya wiki ya nane ya mimba, mara nyingi mama akiwa ndiyo kwanza amejua kuwa ni mjamzito. Kaakaa hufuata baadaye. Bapa mbili huning'inia huku na huku pembeni mwa ulimi, kisha ulimi unashuka, bapa zinainuka na kulala, zinakutana katikati na kuwa dari la kinywa. Kwa kuwa kazi hizi mbili hufanyika kwa nyakati tofauti, kila moja inaweza kuharibika kwa sababu yake.

Halafu zikaja familia zilizovunja kanuni. Mwaka 1954 Anne Van der Woude alichapisha katika jarida la Marekani la jenetiki ya binadamu makala kuhusu koo zilizokuwa na vile vishimo vya Demarquay. Alizifuatilia kizazi baada ya kizazi. Ndani ya ukoo mmoja mtu aliweza kuwa na mpasuko wa mdomo, ndugu yake mpasuko wa kaakaa peke yake, na shangazi yao akawa na vishimo tu bila mpasuko wowote. Aina mbili alizozitenganisha Fogh-Andersen zilikaa nyumba moja. Na kilichowaunganisha wote kilikuwa kwenye mdomo wa chini.

Van der Woude alionyesha pia jinsi hali hiyo inavyorithiwa. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Hapa nakala moja yenye hitilafu inatosha. Mzazi aliye nayo, awe baba au mama, anaweza kumpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, na kila mimba ni kurusha upya. Hali hii leo inabeba jina lake. Huwapata takriban watoto 2 kati ya kila 100 wanaozaliwa na mpasuko, kwa hiyo si ya kawaida. Lakini kati ya zile sindromu za kurithi zinazoleta mpasuko, ni miongoni mwa zinazoonekana zaidi.

Kwa wanasayansi, familia hizi zilikuwa hazina ya thamani. Mipasuko mingi hurithiwa kwa njia iliyofichika: jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na mambo ya mazingira kama sigara na baadhi ya dawa wakati wa mimba. Ni vigumu kumkamata mhusika katika umati. Lakini hapa palikuwa na jeni moja inayofanya kosa lake waziwazi, na alama ya kuwatambua wanaoibeba. Ilibaki kuitafuta.

Kuitafuta kulichukua miaka mingi. Mwaka 1987 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyepoteza kipande kidogo cha kromosomu ya 1, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, kwenye upande mrefu wa kromosomu hiyo. Huo ulikuwa mwelekeo wa kwanza. Mwaka 1990 kundi la Jeffrey Murray, daktari wa watoto katika Chuo Kikuu cha Iowa, lilithibitisha kwa kufuatilia familia kwamba jeni iko eneo hilohilo. Kromosomu ya 1 ndiyo kubwa kuliko zote, ina herufi za DNA karibu milioni 250. Kwa miaka zaidi ya 10 Murray, Brian Schutte na wenzao walipunguza eneo hilo kidogo kidogo, wakitegemea familia ambazo kipande walichorithi kilikuwa kifupi kuliko cha wengine, hadi zikabaki herufi kama 350,000. Ni sawa na kuambiwa kwamba ndugu yako aliyepotea yuko Afrika, kisha yuko Tanzania, kisha yuko Kariakoo. Umefika karibu, lakini Kariakoo ina watu wengi.

Ndipo walipoletewa mapacha.

Walikuwa mapacha wa kufanana, waliotokana na yai moja. Mmoja alikuwa na hali ya Van der Woude, mwenziwe hana. Mtu wa kawaida angesema kisa hicho kinaipinga hadithi yote ya urithi, kwani watu wawili wenye DNA moja wangekuwaje tofauti? Watafiti walifikiri kinyume. Ikiwa DNA zao zinalingana kila mahali isipokuwa palipoharibika, basi tofauti yoyote itakayopatikana katika zile herufi 350,000 ndiyo yenyewe. Shinji Kondo, mtafiti aliyetoka Japani, alikuwa miongoni mwa walioisoma DNA yao herufi kwa herufi. Pacha mwenye hali hiyo alikutwa na kosa moja katika jeni iitwayo IRF6: mahali palipotakiwa kuendelea kusomwa palikuwa na alama ya kusimama, kama nukta iliyowekwa katikati ya sentensi. Pacha mwenziwe hakuwa nalo. Kosa lilikuwa limezuka karibu na wakati yai lilipogawanyika kuwa watu wawili.

Hawakuharakisha. Walirudi kwenye familia nyingine walizokuwa wamezikusanya, wakapata makosa katika jeni hiyohiyo kwenye familia 45 zaidi zisizo na undugu. Matokeo yalitoka mwaka 2002 katika jarida la Nature Genetics, miaka 48 baada ya Van der Woude, miaka 157 baada ya Demarquay.

Jina la jeni lenyewe liliwashangaza wengi. Protini inayotokana na IRF6 ni ya sita katika ukoo wa protini 9, na ukoo huo ulijulikana kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1957, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyoshambuliwa na virusi hutoa kitu kinachozionya seli jirani, wakakiita interferoni. Mwaka 1988 maabara ya Tadatsugu Taniguchi huko Japani ikaeleza protini ya kwanza ya ukoo wa IRF, ambayo huamuru jeni za interferoni ziwashwe. Ndugu zake wengi waliofuata walikutwa kwenye kazi ya ulinzi wa mwili. Wa sita hakukutwa vitani. Alikutwa kwenye ngozi, kwenye vinyweleo, kwenye meno yanayochipua, na kwenye ukingo wa zile bapa za kaakaa, palepale zinapokutana.

Protini ya IRF6 ni mnyororo wa vipande 467 viitwavyo asidi amino. Sehemu yake ya mwanzo hushika DNA, sehemu ya mwisho hushikana na protini nyingine, na kazi yake ni kuamuru jeni fulani zisomwe. Hapa kuna jambo zuri la kulisimulia polepole, maana linatuunganisha na daktari mwingine wa Ufaransa. Mwaka 1869 Ulysse Trélat alieleza mgonjwa mwenye mpasuko ambaye pia alikuwa na utando wa ngozi nyuma ya goti, uliofunga mguu usinyooke. Hali hiyo ilionekana ugonjwa mwingine. Makala ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba ni jeni ileile: familia 13 zenye utando wa goti nazo zilikuwa na makosa katika IRF6. Tofauti iko kwenye aina ya kosa. Katika hali ya Van der Woude mara nyingi nakala moja inakuwa bure, na mwili unabaki na nusu ya protini. Katika hali ya utando, kosa hupiga mara nyingi zile asidi amino zinazogusana moja kwa moja na DNA, hasa ile ya 84. Protini inatengenezwa, inajiunga na wenzake, lakini haiwezi kushika DNA, na hivyo inaiharibia kazi hata ile nzima iliyoungana nayo. Mfanyakazi asiyekuja kazini ana hasara yake. Anayekuja na kuwazuia wengine ana hasara zaidi.

Kwa nini protini moja iguse mdomo, kaakaa na goti? Jibu lilitoka kwa panya. Mwaka 2006 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Manchester chini ya Michael Dixon, yalichapisha kwa pamoja matokeo ya panya waliozaliwa bila IRF6 inayofanya kazi. Ngozi yao ilikuwa nene na ya kung'aa. Seli zake zilizidi kuongezeka badala ya kukomaa na kuwa ngozi kamili. Miguu ilikuwa imegandana na mwili. Na ndani ya kinywa, bapa za kaakaa hazikuinuka, kwa sababu zilikuwa zimenata kwenye ulimi.

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Miaka yote mpasuko ulifikiriwa kuwa ni kushindwa kuungana. Kumbe hapa ulitokana na kuungana mapema, mahali pasipofaa. Nyuso za kiinitete zina tabaka jembamba la muda linalozuia kitu kisigandane na jirani yake kabla ya wakati. Mpishi wa sambusa analielewa bila kufundishwa. Anapopanga manda mbichi moja juu ya nyingine hupaka mafuta na kunyunyiza unga katikati, ili zikishaiva aweze kuzibandua. Akisahau unga zinakuwa kitu kimoja, na hakuna cha kubandua. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester walionyesha wazi kwamba tabaka hilo la muda ndilo unga wa manda, na kwamba IRF6 ni miongoni mwa zinazolitengeneza. Pasipo tabaka hilo bapa hunata pembeni, hazifiki katikati. Nyuma ya goti, ngozi hunata kwa ngozi.

Mwaka 2004 swali lilipanuliwa: je, jeni hii inahusika pia na mipasuko ya kawaida, isiyo na vishimo? Murray na wenzake walichunguza watu 8,003 wa familia 1,968 kutoka jamii 10 za dunia. Walikuta kwamba tofauti ndogo katika IRF6 zinachangia kama asilimia 12 ya sehemu ya kurithi ya mipasuko hiyo. Mwaka 2008 wakapata herufi moja iliyo nje ya jeni, kama herufi 9,700 kabla haijaanza, kwenye swichi inayoiwasha. Herufi hiyo ikibadilika, protini nyingine inayotakiwa kubonyeza swichi hupata shida kuishika. Jeni ni nzima, lakini taa inawaka hafifu.

Takwimu hizo zilitegemea zaidi Ulaya, Asia na Amerika. Afrika iliingia kwa kuchelewa, na naliona hilo kuwa deni. Lilianza kulipwa na watu kama Azeez Butali, daktari wa meno kutoka Nigeria aliyekwenda Iowa. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa familia nane za kusini mwa Sahara zenye hali ya Van der Woude na moja yenye utando wa goti. Kati ya makosa waliyoyapata matatu hayakuwa yamewahi kuonekana popote duniani. Familia yenye utando ilikuwa na kosa kwenye asidi amino ya 84, mahali palepale. Mwaka 2016 kundi lililomjumuisha Mange Manyama, mwanaanatomia wa chuo cha tiba cha Bugando, lilichapisha utafiti wa sura za watoto na vijana zaidi ya 3,000 wa Mwanza, waliopigwa picha za pande zote na kupimwa jeni. Hawakuwa na mpasuko. Walikuwa na nyuso zao za kila siku. Lakini ili kujua uso unavyokosea lazima kwanza kujua unavyojengwa, na sasa sehemu ya ujuzi huo inatoka kando ya Ziwa Victoria.

IRF6 haikuwa jibu la kila familia. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2009 makosa ya jeni hii yalipatikana katika asilimia 68 ya familia 307 zenye hali ya Van der Woude, na asilimia 97 ya familia 37 zenye utando. Mwaka 2014 jeni ya pili, GRHL3, ikaeleza baadhi ya zilizobaki. Nayo hufanya kazi kwenye ngozi ileile ya kiinitete.

Upasuaji wa mdomo sungura unafanyika leo Tanzania na Kenya, mara nyingi bila malipo. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi michache, kaakaa baadaye kidogo. Kwa hiyo ombi langu linawahusu wakunga na manesi, wanaomwona mtoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Akizaliwa na mpasuko, mfundisheni mama kumlisha na mwandikieni rufaa mapema. Kisha mtazameni mdomo wa chini. Mtazameni mama, mtazameni baba, na bibi na babu wakiwepo. Mkiona vishimo viwili kwa mzazi pia, waelezeni kwamba ni urithi, kwamba hakuna aliyelaaniwa, na kwamba kwa kila mimba ijayo uwezekano wa mtoto kurithi ni nusu kwa nusu. Na kama mwenye vishimo ni baba, mwambieni papo hapo, mkewe akisikia.